Makande, mlenda na mtindi wa Magomeni: tathmini ya mgahawa kwa kipimo cha utumbo mpana

Kwa wiki sita mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa, nimekula chakula cha mchana katika mgahawa mmoja tu, ulioko mtaa wa ndani Magomeni Mapipa, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi. Mgahawa huo hauna bango. Ni banda la mabati lenye meza nne ndefu na mabenchi, ndoo mbili za koki za kunawia mikono, na majiko ya mkaa nyuma yake, ambako mama mwenye mgahawa na binti zake wawili huanza kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Wanaoandika tathmini za migahawa hupima ladha, bei, usafi na huduma. Nami nitayagusa hayo, lakini kipimo changu kikuu ni kingine: chakula kinachouzwa hapo kinawaachia nini bakteria wanaoishi katika utumbo mpana wa mlaji?

Kipimo hiki sikukichagua kwa ajili ya kujipambanua. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, na mapema mwaka huu niliugua nimonia, nikatumia antibayotiki kwa siku kumi, nikapona. Dawa hizo ziliniokoa na sina neno baya juu yake, ila hazina namna ya kubagua. Zinapomwua bakteria aliyevamia mapafu, huwapunguza pia wale wakazi wa siku zote walioko tumboni. Baada ya dozi kwisha, tumbo langu lilivurugika kwa muda mrefu, mara kuharisha, mara kukosa choo siku tatu. Daktari hakuniandikia kidonge kingine. Aliniambia nile maharage, kunde, mboga za majani, nafaka isiyokobolewa na mtindi, tena kila siku, nami nikatafuta mahali karibu na kazini ambapo vyote hivyo hupikwa bila kunigharimu mshahara.

Hapa mjini mtu akisikia neno bakteria, hufikiria kipindupindu na taifodi, na ana haki ya kufikiria hivyo. Lakini walio wengi katika miili yetu si adui. Mwaka 2016 Ron Sender na wenzake walichapisha makadirio kwamba mwanamume wa kilo 70 hubeba bakteria wapatao trilioni 38, huku seli zake mwenyewe zikiwa kama trilioni 30, na kwamba bakteria hao wote wakikusanywa uzito wao ni kama gramu 200 tu. Sehemu kubwa mno ya hao iko katika utumbo mpana. Wao hawali tunachokula. Wanakula tunachoshindwa kumeng'enya. Ndiyo maana sahani mbili zinazoshibisha sawasawa zinaweza kuwalisha hawa wapangaji wetu kwa namna tofauti kabisa, na ndiyo maana naona tathmini ya mgahawa inayoishia kwenye ulimi imeishia njiani.

Nianze na makande, kwa sababu ndicho chakula kinachoufanya mgahawa huu ustahili safari. Hutengenezwa kwa mahindi ambayo hayakukobolewa, yakichanganywa na maharage mekundu, kitunguu, nyanya chache na tui jepesi la nazi. Mahindi na maharage hulowekwa tangu jioni, na asubuhi maji yale humwagwa. Nilipouliza sababu, mama alinijibu, "Mwalimu, maji ya kwanza ni ya gesi, siwapi wateja wangu." Maelezo yake ni sahihi kisayansi. Maharage yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Sehemu yake hutoka katika maji ya kulowekea, na zinazobaki hushuka zikiwa nzima hadi utumbo mpana, pamoja na maganda ya mahindi na ya maharage, yaani yale ambayo wataalamu wa lishe wa hapa nchini huyaita makapimlo au nyuzinyuzi. Huko bakteria huyachachusha. Gesi ni moshi tu wa jiko hilo. Kinachopikwa hasa ni asidi fupi za mafuta, zikiwemo asetati, propionati na butirati, na hii ya mwisho ndiyo nishati kuu ya seli zinazoufunika ukuta wa utumbo mpana kwa ndani. Kwa maneno mengine, ukuta huo unalishwa na bakteria zaidi kuliko unavyolishwa na damu yetu.

Sahani ya makande ni shilingi 2,000, na ni sahani ya mtu mwenye njaa ya kweli. Mahindi yameiva hadi kupasuka bila kuwa uji, maharage yamebaki na umbo lake, na nazi haikuzidi. Nimekula makande sehemu nyingi za jiji hili, na mara nyingi hukuta mahindi yaliyokobolewa yakiwa meupe na laini, matamu kweli, lakini ganda lake limebaki mashineni. Hapa ganda limo, na unalihisi jinoni.

Niseme kwa uaminifu kwamba wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Tumbo lilijaa gesi kiasi kwamba kipindi cha saa nane nilikifundisha nikiwa nimesimama karibu na dirisha. Asiyezoea makapimlo mengi asianze na sahani nzima. Aombe nusu sahani kwa siku chache, anywe maji ya kutosha, kisha aongeze taratibu. Wapo pia watu wenye maradhi ya utumbo ambao chakula cha namna hii huwaumiza, nao wamsikilize daktari wao kabla ya kuisikiliza tathmini yangu. Kwangu mimi, kufikia wiki ya tatu gesi ilikuwa imepungua sana na choo kimekuwa cha kila asubuhi. Tumbo la mtu mmoja si utafiti, na huenda muda peke yake ungelitibu.

Tafiti zenyewe zipo, tena baadhi yake zimetuhusu sisi hasa. Mwaka 2015 kundi la Stephen O'Keefe lilichapisha jaribio ambalo Wamarekani Weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa mlo wenye makapimlo mengi na mafuta kidogo, na Waafrika wakapewa mlo wa Kimarekani wenye nyama na mafuta. Katika wiki mbili hizo tu, uzalishaji wa butirati uliongezeka kwa Wamarekani na kushuka kwa Waafrika, na hata alama zinazohusishwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika. Wiki mbili! Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu jambo hili kwa sababu linaondoa kisingizio cha kwamba tumbo ni la kurithi na halibadiliki.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea mlo wa asili wa kijijini walihamishiwa kwenye mlo wa Kimagharibi kwa wiki mbili, waliozoea mlo wa mjini wakahamishiwa kwenye mlo wa asili, na kundi la tatu likanywa mbege, ile inayochachushwa kwa ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia mlo wa Kimagharibi walionyesha katika damu dalili zaidi za uvimbe wa ndani, ile hali ya kinga ya mwili kuwaka pasipo vita, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vimelea vya maradhi. Kwa waliorudi kwenye ndizi, maharage, bamia na ulezi, na kwa waliokunywa mbege, uvimbe huo ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Nilipousoma utafiti huo nilijiuliza kwa nini habari yake haikubandikwa kwenye kuta za migahawa yetu, wakati bei za soda zimebandikwa kila kona.

Sasa ugali, na hapa ndipo mgahawa huu unaponihuzunisha. Dona hupikwa Jumanne na Alhamisi peke yake. Siku nyingine tatu ni sembe. Sembe ni hindi lililovuliwa pumba na kung'olewa kiini, kwa hiyo kinachobaki ni wanga ambao karibu wote humalizika katika utumbo mwembamba. Bakteria hupata makombo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku, na mtu anayekula sembe mchana na wali mweupe usiku, akiwa na mchuzi na kipande cha nyama, hawezi kuyafikia hata akishiba mpaka kulegeza mkanda. Mama ananieleza kwamba wateja ndio wanaotaka weupe, na kwamba mtu akiona ugali wa rangi ya maziwa yaliyochujuka hudhani unga ni wa zamani. Ninamwelewa, kwa kuwa biashara ni yake na hasara ni yake. Hata hivyo nimemwomba aweke siku ya tatu, na ameniambia atajaribu Ijumaa.

Dona lina masharti yake, na mwenye mgahawa anayafahamu kuliko wauzaji wengi. Kiini cha hindi kina mafuta, hivyo unga wake huchacha upesi, naye hununua mahindi kidogo kidogo na kuyasagisha kila wiki. Jambo kubwa zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye nafaka. Kukoboa hupunguza sumu hiyo kwa sababu sehemu kubwa yake hukaa kwenye pumba na kiini, na yeyote anayekumbuka vifo vya sumukuvu vya Dodoma na Manyara vya mwaka 2016 hawezi kulifanyia mzaha. Hapa mahindi hupepetwa na kuchambuliwa kwa mkono, yenye ukungu, yaliyovunjika na yaliyobadilika rangi yakatupwa. Nimeliona zoezi hilo kwa macho yangu asubuhi moja ya Jumatatu, likiwachukua binti wawili saa nzima.

Mboga zinatosha na ni nyingi: mchicha, matembele, kisamvu cha nazi, na mlenda wa bamia. Mlenda ndio ninaoupenda. Ule utelezi unaowafanya baadhi ya watu wa Pwani wakunje uso ni makapimlo yanayoyeyuka katika maji, chakula ambacho bakteria hukishambulia kwa urahisi kuliko ganda gumu la hindi, na kuwapa vyote viwili katika sinia moja ni kuwalisha wa aina mbalimbali. Nyama ipo pia, vipande viwili vidogo katika mchuzi, na sioni kasoro yoyote katika udogo huo. Katika jaribio la Lawrence David na wenzake la mwaka 2014, watu waliolishwa nyama, mayai na jibini tu kwa siku tano walibadilika bakteria zao ndani ya siku chache. Waliongezeka wale wanaostahimili nyongo, wakapungua wale wanaovunja mimea. Nyama inapokaa kama kitoweo pembeni ya maharage na majani, hali hiyo haitokei kwa kishindo namna hiyo.

Mtindi wa hapa hugandishwa palepale. Maziwa huchemshwa, hupozwa, huwekewa kijiko cha mtindi wa jana, na hufunikwa kwenye ndoo safi hadi kesho yake. Ni mzito, una uchachu wa wazi, na glasi ni shilingi 1,000. Kasoro ni sukari. Binti anayehudumia huweka vijiko viwili kabla hujafungua mdomo, na itakubidi useme mapema, "Dada, usinitilie sukari." Nimelisema mara nyingi kiasi kwamba sasa akiniona huiweka kopo la sukari chini ya meza, lakini mteja mgeni hapewi nafasi ya kuchagua, na hilo linapaswa kubadilika. Bakteria wa mtindi kwa kawaida hupita tu, hawahamii. Faida yake ni ya mtu anayeunywa mara kwa mara. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia watu wazima 36 kwa wiki kumi, nusu wakila makapimlo mengi na nusu vyakula vilivyochachushwa, na kundi la vyakula vilivyochachushwa ndilo lililoongezeka aina za bakteria tumboni na kupungua protini 19 za uvimbe katika damu. Makapimlo peke yake hayakuongeza aina hizo katika muda ule. Kwa hiyo mtindi hauchukui nafasi ya makande, wala makande hayachukui nafasi ya mtindi. Nashauri viagizwe pamoja.

Ijumaa kuna togwa. Mama ni mzaliwa wa Songea, na togwa yake ni ya uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi, ukaachwa uchachuke kidogo pasipo kufika ulevini. Ni nzito, ina utamu wa kimea na ukali mwembamba mwishoni. Thamani ya kinywaji hiki ilithibitishwa hapahapa Tanzania: utafiti uliochapishwa mwaka 1999, ulioongozwa na Kingamkono, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa walionekana kuwa na bakteria wachache wa kuharisha kuliko waliopewa uji wa kawaida. Bibi zetu walikuwa wakiwapa watoto togwa bila kusubiri karatasi hiyo, nami nafurahi kwamba karatasi ilipokuja iliwaunga mkono.

Asubuhi kuna kiporo cha wali na maharage, na wengi hukiomba kwa aibu kana kwamba ni dalili ya umaskini. Wali au kiazi kikipikwa kisha kikapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, na sehemu hiyo hufika kwa bakteria kama makapimlo yafikavyo. Ukikipasha moto, kiasi kikubwa hubaki hivyohivyo. Ndizi mbichi za kupika zina wanga wa namna hiyo pia, na ningependa kuona mtori kwenye orodha. Lakini wali uliolala sufuriani katika joto la Dar es Salaam ni hatari, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, zikachipua usiku na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Niliomba kuona kinakohifadhiwa. Kipo ndani ya jokofu, katika vyombo vifupi vyenye mifuniko, na kisichouzwa kufikia saa nne asubuhi hakirudishwi.

Mbele ya banda hilohilo, kijana mmoja amekodi nafasi na anakaanga chipsi. Saa saba mchana foleni yake ni ndefu kuliko ya mama, na wengi waliomo ni vijana wa umri wa wanafunzi wangu. Chipsi mayai na soda ni ghali kuliko makande na mtindi. Hilo huniuma, kwa sababu panya walionyimwa makapimlo maabarani wameonekana bakteria zao zikigeukia kuula ute unaoukinga ukuta wa utumbo, na sipendi kufikiri kwamba matrilioni ya viumbe ndani ya mtoto wa miaka kumi na sita yanakaa na njaa wakati mwenyewe anajiona ameshiba. Nimeanza kuwaleta wawili watatu kila Alhamisi, nikiwalipia nusu ya sahani.

Juisi sikuzifurahia. Ubuyu una makapimlo mengi, ila hapa huchujwa kwa kitambaa mpaka kinabaki kimiminika cha sukari na rangi. Kachumbari huoshwa kwa maji yaliyochemshwa, vyoo ni vya jirani, na huduma ni ya haraka kabla ya saa sita na nusu, ya polepole baada ya hapo. Mabenchi hayana mgongo, jambo ambalo mzee atalisikia.

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini nisinunue tu vidonge vya bakteria kwenye duka la dawa. Boksi nililoonyeshwa lingeninunulia sahani zaidi ya ishirini za makande, na mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani haukupendekeza vidonge hivyo kwa sehemu kubwa ya maradhi ya tumbo uliyoyachunguza. Yapo matumizi yake maalumu, na daktari atayajua. Kwa fedha yangu, nimeendelea kukaa kwenye benchi la Magomeni.

Katika nyota tano, ninaupa mgahawa huu nne. Ya tano inasubiri dona la Ijumaa na kopo la sukari kuondoka mezani. Mlenda huisha kufikia saa saba, na anayetaka togwa aagize Alhamisi, kwa sababu ndoo ni moja.